Faili ni la nani? Karatasi za umiliki zinazopotea faili linapohama

Jumatatu moja, katika shule moja ya hapa Lubumbashi, mwalimu wa fizikia aliwasha kompyuta ya chumba cha walimu akitafuta majedwali ya pointi. Alichokikuta ni orodha ya prime, yaani pesa za ziada juu ya mshahara, za wenzake wote, jina kwa jina, franka kwa franka. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imeshafika getini. Wengine walisema shule imeingiliwa na wezi wa intaneti. Wengine, na hao ndio waliokuwa wengi, walisema mama sekretere ameuza kode yake ya siri ya kufungulia kompyuta. Mama wa watu, miaka 18 kwenye ofisi ile, alikaa na kalamu mkononi bila kuandika kitu.

Niliitwa alasiri kuangalia. Hakuna aliyeingia, na hakuna kode iliyouzwa. Jumamosi, fundi kijana alikuwa amehamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani, ambayo diski yake ilianza kugonga ndani, hadi kompyuta mpya, akipitia diski ya nje. "Yaya, nilikopi yote, hata moja halikubaki," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Mafaili yote yalifika. Yaliyobaki nyuma ni maandishi yasiyoonekana kwa macho: yale yanayosema faili hili ni la nani, na nani ana ruhusa ya kulifungua.

Tangu siku ile watu wananiuliza: faili si lilikuwa limefungwa? Kufuli lilikwenda wapi? Najibu hapa polepole, kwa sababu kutoelewa jambo hili kulikaribia kumvunjia heshima mtu asiye na kosa.

Parseli na kadasta

Tuanze na parseli, yaani kiwanja cha mtu, jambo ambalo kila mkaaji wa mji huu analijua. Ukipita Katuba au Ruashi unaona ukuta, mlango wa bati, mti wa maembe uani. Unaweza kusimama pale saa nzima ukiitazama parseli, na bado usijue ni ya nani. Umiliki hauko kwenye matofali. Sheria ya udongo ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema haki ya mtu juu ya uwanja inathibitishwa na setifika ya uandikishaji, yaani karatasi inayotoka kwenye rejista ya serikali. Parseli iko Katuba, karatasi iko ofisini.

Faili, au fishie kama tunavyosema hapa, liko vivyo hivyo. Kuna yaliyomo: maneno ya barua, tarakimu za jedwali, picha ya harusi. Halafu, mahali pengine kwenye diski, kuna maelezo juu ya faili hilo: ukubwa wake, siku lilipoandikwa, mwenyewe, na ruhusa. Maelezo hayo ndiyo yanayoitwa metadata. Ukifungua barua na kuisoma kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, hautakuta ndani yake mstari unaosema nani anaruhusiwa kuisoma.

Anayetunza hayo yote ni mfumo wa mafaili, utaratibu ambao diski imepangwa nao siku ilipoformatiwa. Mfumo huo unajua vipande vya kila faili viko wapi, na una rejista ya kila moja. Kwa kifupi, ni kadasta ya diski, kama ile ofisi ya rejista ya viwanja. Hapa ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu kadasta si moja. Flashi nyingi na kadi memori za simu zinatumia FAT32 au exFAT. Kompyuta za Windows zinatumia NTFS. Kompyuta nyingi za Linux zinatumia ext4. Kila moja ina fomu yake, yenye mistari yake ya kujaza.

Fomu ya FAT32 ni fupi sana. Ina jina, ukubwa, tarehe, na alama chache kama "kusoma tu" na "limefichwa". Mstari wa mwenyewe haupo. Haukusahauliwa: familia hiyo ya FAT ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mashine zilizotumiwa na mtu mmoja mezani kwake, na mtu aliye peke yake chumbani hana haja ya kuandika kwamba viatu ni vyake. exFAT ilikuja mwaka 2006, ikaondoa kikomo cha GB 4 kwa faili moja, lakini nayo haina mahali pa mwenyewe wa Linux wala orodha ya ruhusa ya Windows. Ndiyo maana ukitoa kadi memori kwenye simu yako ukaitia kwenye simu ya jirani, kila picha inafunguka.

Linux ina fomu ndefu zaidi. Imerithi utaratibu wa Unix, uliozaliwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell, Marekani, mahali ambapo watu wengi walitumia mashine moja. Rejista ya kila faili inataja mwenyewe mmoja na kundi moja, kisha ruhusa za watu wa aina tatu: mwenyewe, watu wa kundi, na wengine wote. Kila aina inaweza kupewa au kunyimwa mambo matatu: kusoma, kuandika, kuendesha. Tatu mara tatu, ruhusa tisa. Kwa kuandika kwa ufupi, kusoma kunahesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha 1, na unajumlisha. Faili lenye 640 linasomwa na kuandikwa na mwenyewe (4 na 2), linasomwa tu na kundi, na wengine hawapati kitu.

Sasa jambo linaloshangaza hata watu waliozoea kompyuta: pale kwenye mstari wa mwenyewe hakuna jina. Kuna namba. Kwenye Ubuntu na Debian, mtu wa kwanza kuandikishwa hupewa namba 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Jina unaloliona kwenye kioo linatafutwa kwenye orodha nyingine ya kompyuta hiyohiyo, namba hii ni nani. Ukitoa diski ukaipeleka kwenye kompyuta nyingine, namba inabaki 1000, lakini 1000 wa kule ni mtu mwingine. Ni kama rejista ya mtaa ingeandika tu "ya mkaaji wa namba 4", kila mtaa ukiwa na namba 4 wake.

Windows nayo, tangu NTFS ilipotoka na Windows NT mwaka 1993, inashika orodha: huyu asome, kundi lile libadilishe, yule anyimwe kabisa, na kadhalika mstari kwa mstari. Kila mtu anatajwa kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo ndani yake inabeba utambulisho wa mashine au wa mtandao uliomwandikisha. Orodha inaweza kuwa na mistari 12, 20, au zaidi. Jaribu kuitia orodha hiyo kwenye ruhusa tisa za Linux uone. Haiingii.

Maandishi ya pembeni

Watu waliotaka mashine za aina mbili zifanye kazi pamoja walikutana na shida hii mapema. Fomu haina mstari ninaouhitaji, na siwezi kubadilisha fomu ya kadasta nzima kwa ajili yangu. Nifanyeje?

Jibu walilopata ni pembeni ya fomu. Mifumo ya mafaili ya siku hizi inakubali kila faili libandikwe vikaratasi vidogo vya ziada, kila kimoja kikiwa na jina na yaliyomo. Tuviite sifa za ziada. Mfumo wenyewe hauulizi sana umeandika nini humo. Unatunza tu. Kwenye Linux jina la kikaratasi linaweza kufika herufi 255, na yaliyomo hadi KB 64, ingawa ext4 kwa kawaida inataka vikaratasi vyote vya faili moja viingie kwenye nafasi ya karibu baiti 4096. Orodha ndefu ya ruhusa inaweza kukataliwa kwa kukosa nafasi hata kama diski ina mamia ya GB yasiyotumika, na fundi akabaki anakuna kichwa.

Kwa hiyo programu inayohitaji kukumbuka mwenyewe na ruhusa kwa namna ambayo diski haiijui inaviandika kwenye kikaratasi. Kesho yake inakisoma na kufuata.

Hapa nakuomba usimame kidogo pamoja nami, kwa sababu hiki ndicho kiini. Umeshaona kuta za mji wetu zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: HII PARSELI HAIUZISHWE. Familia inaandika kwa sababu inaogopa ndugu mmoja ataiuza kwa siri. Maandishi yale yana nguvu gani? Kwa mnunuzi anayejua kusoma na anayejali, yana nguvu kubwa, anageuka na kwenda zake. Kwa mgeni asiyejua lugha ile ni rangi tu. Na kwa mtu aliyeamua kutojali, ukuta haumzuii. Setifika ya kadasta ina afisa na mahakama nyuma yake. Maandishi ya ukutani yana msomaji peke yake.

Ruhusa tisa za Linux ziko kama setifika. Kerneli, yaani moyo wa mfumo, inazikagua kila mara programu yoyote inapotaka kufungua faili, na hakuna programu ya kawaida inayoweza kuzipita. Kikaratasi kilichobandikwa na programu fulani kiko kama maandishi ya ukutani. Kinalinda pale tu ambapo programu iliyokiandika, au nyingine inayojua lugha yake, ndiyo inayosimama mlangoni. Vikaratasi vichache kerneli yenyewe inavielewa, kama orodha za ruhusa za Linux zinazopita tisa, na hivyo vina nguvu ya setifika. Vingine vyote inavitunza tu bila kuvifuata.

Lakini nisiwafanye mdharau vikaratasi. Vinafanya kazi kubwa, na nitataja mitatu kati ya mifano ninayoijua vizuri.

Wa kwanza ndio uliotugusa pale shuleni. Samba ni programu inayofanya kompyuta ya Linux igawe mafaili kwa kompyuta za Windows. Aliyeianzisha ni Andrew Tridgell, huko Australia, mwaka 1992, na mpaka leo maofisi yenye bajeti ndogo yanaitegemea, kwa sababu mashine kuukuu yenye Linux inatosha kuwa seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Ikipangwa hivyo, Samba inachukua orodha nzima ya Windows na kuiandika kwenye kikaratasi kinachoitwa security.NTACL. Mtu wa Windows akibofya sehemu ya usalama anaona orodha yake kamili, kana kwamba diski ni NTFS. Samba inaongeza jambo la busara: ndani ya kikaratasi inaweka alama iliyokokotolewa kutoka kwenye ruhusa za kawaida za faili siku ile. Mtu akibadilisha ruhusa hizo kwa upande wa Linux bila kupitia Samba, alama haifanani tena, na Samba inaacha kukiamini kikaratasi. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoelewa hilo nilifurahi kweli. Aliyeliandika alijua kwamba maandishi ya pembeni yanaweza kuzeeka huku nyumba imebadilika.

Hata hivyo, orodha ile inafuatwa na Samba. Mtu aliyeketi mbele ya seva yenyewe, akaingia kwa jina lake kwenye Linux, hakutani na Samba mlangoni. Anakutana na ruhusa tisa tu. Kama hizo ziko wazi, orodha nzuri ya Windows haimzuii.

Wa pili wanaukuta wanafunzi wa informatiki kila mwaka, na wengi wanadhani kompyuta zao zimeharibika. Tangu mwaka 2016 Windows inaweza kuendesha Linux ndani yake. Ukiwa upande wa Linux unaona diski ya C ya Windows, na mafaili yote yanaonekana ya mtu mmoja, na ruhusa 777, kila mtu kila kitu. Unatoa amri ya chmod kufunga faili. Amri inakubaliwa bila malalamiko. Unaangalia tena: 777. Sababu ni kwamba NTFS haina mistari ya mwenyewe wa Linux wala ya ruhusa tisa. Mwaka 2018 Microsoft iliongeza njia: ukiandika neno metadata kwenye mpangilio wa kuunganisha diski, Linux ile inaanza kubandika vikaratasi kwenye mafaili ya NTFS, vyenye majina $LXUID kwa mwenyewe, $LXGID kwa kundi, na $LXMOD kwa ruhusa. Sasa chmod inashika. Ila ukirudi upande wa Windows na kulibofya faili uliloliwekea 600, linafunguka bila neno, maana Windows inafuata orodha yake na haisomi vikaratasi vya mgeni. Na ukijipa ruhusa zote kwa upande wa Linux, lakini Windows imekunyima, umenyimwa.

Wa tatu ni wa wanaotunza nakala za akiba. Kwenye Linux ni mtumiaji mkuu tu, anayeitwa root, anayeweza kuandika kwamba faili ni la mtu mwingine. Je, kama seva inayopokea nakala haitaki kumpa mtu yeyote mamlaka hayo? Programu ya rsync, ambayo Tridgell huyohuyo aliiandika pamoja na Paul Mackerras mwaka 1996, ina njia inayoitwa fake-super. Kwa njia hiyo mafaili yote kwenye akiba yanakuwa ya akaunti moja isiyo na mamlaka, lakini kila moja limebandikwa kikaratasi user.rsync.%stat kinachotaja mwenyewe wa kweli na ruhusa za kweli. Siku ya kurudisha, rsync inasoma vikaratasi na kila faili linarudi kwa mwenyewe. Ni kama mtunza mizigo anayeshika mabegi ya abiria wote chumbani mwake, kila begi na lebo yake.

Umeona majina hayo yanavyoanza, security na user? Ni droo tofauti. Kikaratasi cha droo ya user kinaweza kubadilishwa na yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye faili. Cha security kwa kawaida kinaandikwa na root peke yake. Kimoja ni penseli, kingine kina muhuri. Ndiyo maana Samba imechagua droo ile kwa orodha ya ruhusa. Kwa akiba ya rsync penseli inatosha, kwa sababu akaunti ile haishirikiwi na mtu. Ukikutana na programu inayolinda siri za watu kwa penseli, uliza maswali.

Yanakopotelea

Twende sasa kwenye ile diski ya nje ya fundi wetu. Ilikuwa exFAT, kama diski nyingi zinazouzwa mjini, kwa sababu inasomeka kwenye Windows, Linux na Mac. Mafaili yalipoingia humo, mwenyewe, kundi, ruhusa na kile kikaratasi cha Samba vyote vilikosa mahali pa kukaa. Vikabaki nyuma.

Kuna jambo hapa ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mfumo unapokosa habari za mwenyewe, hauachi nafasi tupu wala hausemi "sijui". Unajaza kitu kimoja kwa wote. Linux ikifungua diski ya exFAT inasema kila faili lililomo ni la yule aliyeiunganisha, na ruhusa ni zilezile kwa yote, mara nyingi zikiwa wazi. Kwa hiyo mafaili yalipoingia kompyuta mpya yalikuwa na mwenyewe na ruhusa, vinaonekana vizuri kabisa kwenye kioo, na vyote vilikuwa vya uongo. Orodha ya prime ilikuwa ya fundi na ilisomwa na wote. Fundi aliona mistari imejaa, akaridhika. Simlaumu. Hakufundishwa.

Diski ya exFAT si njia pekee ya kuvipoteza. Ukituma faili kwa WhatsApp au kwa barua pepe, yanasafiri yaliyomo tu. Ukinakili kwa amri ya cp bila kuongeza kitu, nakala inakuwa yako wewe uliyenakili, na vikaratasi haviji. Tar, programu ya kufunga mafaili mengi kuwa furushi moja, inabeba mwenyewe na ruhusa tisa, lakini vikaratasi inavibeba ukiiambia tu. Kuna hata programu za kuandika ambazo, ukibofya kuhifadhi, zinaumba faili jipya na kulipa jina la lile la zamani. Kwako wewe ni barua ileile, kwa diski ni parseli mpya, na maandishi ya ukuta wa zamani yamebomolewa pamoja na ukuta.

Yanayosemwa mitaani

"Nimeliwekea ruhusa, kwa hiyo limefungwa." Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu watu wanaweka humo mambo ya wagonjwa, ya mishahara, ya ndoa zao. Ruhusa ni amri kwa mlinzi, na mlinzi ni mfumo unaoendesha kompyuta ile. Ukitoa diski, ukaiunganisha na kompyuta nyingine ambako wewe ndiye root, mlinzi ni wako, na anafungua. Maneno ya faili yako pale wazi kwenye diski, kama barua kwenye bahasha isiyobandikwa. Kinachofunga kwelikweli ni kusimba diski, yaani kugeuza yaliyomo yote kuwa herufi zisizosomeka bila kode. BitLocker ya Windows na LUKS ya Linux zinafanya hivyo. Android nayo, tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, inaweza kuifanya kadi memori kuwa sehemu ya simu na kuisimba, na hapo jirani akiitia kwenye simu yake hapati picha hata moja.

"Ikikataa, weka 777." Nimelisikia kwenye saiba nyingi, na kwa watu wenye diploma. Ndiyo, faili linafunguka. Linafunguka kwa kila mwenye akaunti na kila programu kwenye kompyuta ile, na linaandikwa pia, na linabaki hivyo miezi na miaka, kwa sababu hakuna anayekumbuka kulirudisha. Kama faili linakukatalia, kuna swali moja la kuuliza kwanza: ni la nani sasa hivi? Mara nyingi jibu lenyewe linaonyesha dawa.

"Kuandika ruhusa pembeni ni ujanja wa mafundi wavivu." Siyo. Kama umenielewa mpaka hapa, unaona kwamba hakuna fomu moja inayotosha kwa mashine zote duniani. Anayebandika kikaratasi anafanya kazi ya haki, mradi ajue nani atakisoma.

Jinsi tulivyorudisha

Bahati yetu ilikuwa kwamba diski ya zamani haikuwa imekufa. Ilikuwa inagonga, lakini inasoma. Jumanne tuliiunganisha moja kwa moja kwenye kompyuta mpya, ext4 kwa ext4, bila kupitia diski ya nje, tukanakili kwa rsync tukiwa root, kwa chaguo -aAX: a inabeba mwenyewe, kundi na ruhusa za kawaida, A inabeba orodha za ruhusa za Linux, X inabeba vikaratasi. Tuliomba umeme usikatike. Haukukatika.

Tulipomaliza, mafaili ya papa prefe, mkuu wa shule, yalionekana kuwa ya fundi. Kwenye kompyuta ya zamani namba 1000 ilikuwa ya prefe. Kwenye mpya, fundi ndiye aliyejiandikisha wa kwanza, akawa 1000. Ilibidi tupange upya namba za watumiaji zifanane na za zamani, mmoja mmoja, kabla ya kugusa kitu kingine.

Kisha ikaja ya Windows. Orodha zilikuwa zimefika, lakini badala ya majina zilionyesha akaunti isiyojulikana, na namba ndefu ya S-1-5-21 mbele yake. Samba mpya ilikuwa imejitengenezea utambulisho wake, kwa hiyo watu waliotajwa kwenye vikaratasi walikuwa watu wa mashine isiyokuwepo tena. Tulirudi kwenye diski ya zamani kuchukua pia hazina ya watumiaji wa Samba, pamoja na ile inayotunza utambulisho ule. Majina yakarudi. Kubeba rejista bila kubeba orodha ya wakaaji ni kazi nusu, na nusu hiyo ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Jambo la mwisho tulilofanya ni dogo, na ningependa kila ofisi yenye seva ilifanye kesho asubuhi. Amri ya getfacl, ikipewa R, inapita kwenye dosie zote na kuandika kila faili, mwenyewe wake, kundi lake na ruhusa zake, kwenye maandishi ya kawaida. Amri ya setfacl inaweza kuyasoma maandishi hayo na kurudisha kila kitu mahali pake. Vikaratasi vya Samba havimo, kwa hivyo inabidi viwe na akiba yao ya pembeni, lakini mwenyewe na ruhusa za Linux zimo zote, na maandishi ya kawaida yanaishi hata kwenye flashi ya FAT32.

Jumatano, mbele ya walimu wote, papa prefe alimwomba mwalimu wa fizikia aketi kwenye kompyuta ileile na ajaribu kufungua orodha ya prime. Ilikataa. Akajaribu majedwali ya pointi, yakafunguka. Prefe akasimama, akamgeukia mama sekretere, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo hata waliokuwa mlangoni waliisikia. Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniita pembeni na kuniuliza kama ile orodha ya getfacl inaweza kuchapishwa kwenye karatasi. Zilitoka kurasa 41. Alizitoboa, akazifunga kwenye dosie, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu, akazifungia kwenye droo.